Mnyama aongee: katuni ya kizamani kwa manila na simu, ukiwa Dodoma

Tazama kipindi chochote cha Yogi Bear ukiwa umezima sauti, uhesabu vitu vinavyosogea. Ni vichache mno. Dubu anaongea dakika nzima, mwili umetulia kama gunia la mtama, kinachofanya kazi ni mdomo, kope na shingo. Huo haukuwa uvivu. William Hanna na Joseph Barbera, waliomtengeneza Yogi, walikuwa wakitengeneza Tom and Jerry kwa ajili ya sinema tangu 1940. Mwaka 1957 studio yao ya MGM ikafungwa, wakaanzisha kampuni yao na kugeukia televisheni, ambako malipo yalikuwa madogo na ratiba haimsubiri mtu. Filamu ya dakika 7 inapita picha 10,080, kwa picha 24 kila sekunde. Kuzichora zote kusingewezekana, kwa hiyo wakatafuta namna ya kuchora chache na mtazamaji asijisikie kapunjwa.

Mbinu hizo zinamfaa sana mtu mwenye simu moja, meza moja na karatasi za manila. Mwongozo huu ni wa katuni ya dakika 2: Sungura, Fisi na Kobe wakigombania kivuli cha mbuyu. Wahusika buni wa kwako. Yogi na Scooby-Doo wana wenyewe, na hakimiliki zao ziko hai.

Sauti kwanza

Wengi wanaanza na picha, na hapo ndipo wanapopotea. Katuni za aina hii zinabebwa na maneno. Funga macho usikilize: ukielewa kisa chote, mswada wako umekaa sawa. Dakika 2 zinabeba maneno kati ya 180 na 200 hivi, ukiacha nafasi za kimya. Ukizidisha, wahusika watahema.

Huhitaji waigizaji wengi. Daws Butler peke yake alikuwa sauti ya Huckleberry Hound na ya Yogi, na Don Messick akawa Boo-Boo, yule dubu mdogo rafiki wa Yogi, na mlinzi wa hifadhi Ranger Smith, na baadaye Scooby-Doo wa 1969. Siri ni kubadilisha mwendo wa usemi, wala si kupandisha sauti tu. Sungura aseme upesi na kumalizia sentensi juu. Fisi aburute maneno na kuhema katikati. Kobe apumzike kabla ya neno la mwisho, kila mara, mpaka watoto waanze kulisubiri. Usimpe Fisi lafudhi ya kabila la watu ili achekwe. Kichekesho hicho kinachosha haraka, na Dodoma ina wageni na wenyeji wa kila lafudhi.

Mahali pa kurekodia panahitaji akili kidogo. Nyumba ya bati haifai mchana: bati likipata joto linatanuka na kulialia, jioni likipoa linalia tena. Rekodi usiku baada ya saa nne au alfajiri. Miezi ya upepo, kuanzia Juni hadi Oktoba, funga madirisha hata kama kuna joto. Ukiwa na jamaa mwenye tembe kijijini, nenda kwake: kuta za udongo na paa la udongo vinameza mwangwi kuliko chumba cha saruji. Ukikosa, ning'iniza blanketi mbili nyuma yako na moja mbele. Simu iwe sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomoni, pembeni kidogo, la sivyo kila "p" itapuliza kinasa sauti. Mrekodi Fisi mistari yake yote kwa mkupuo, kisha Sungura, ndipo Kobe. Ukirukaruka kati yao sauti zinaanza kufanana.

Ingiza sauti kwenye Audacity, programu ya kompyuta ya kuhariri sauti, panga mazungumzo kwa mfuatano, toa faili moja. Baada ya hapo usiiguse tena, kwa sababu kila picha utakayopiga itahesabiwa kwa faili hiyo.

Kukata wahusika

Tumia manila nyepesi kwa midomo na macho, nzito kwa miili. Fisi awe na kimo cha sentimita 14, Sungura 11 bila masikio, Kobe 7. Chora kwa penseli, paka rangi, pitisha mstari mweusi mnene, kisha kata kwa wembe mpya. Kingo nyeupe za manila zinaonekana kwenye kamera kama uzi, kwa hiyo zipitie zote kwa makapeni yenye rangi ya mwili.

Sasa jambo la shingo. Yogi alivalishwa kola na tai kwa sababu ya mshono wala si utanashati: kola inaficha mahali kichwa kinapokutana na mwili, hivyo mchoraji anachora kichwa kipya na kuuacha mwili uleule. Wahusika wengi wa studio ile wana kitu shingoni. Sungura wako mpe shati lenye kola. Fisi avae shuka la Kigogo lililofungwa begani na kuzunguka shingo. Kobe hahitaji chochote, gamba lenyewe ni kola.

Kichwa kiwe kipande cha peke yake kinachoingia chini ya kola kwa sentimita 1.5, usikigundishe. Mikono ifungwe begani kwa uzi wa nailoni: toboa kwa sindano, piga fundo mbele, nyuma weka kiduara cha manila ndipo upige fundo la pili. Kiduara ndicho kinachozuia kiungo kulegea. Ukisahau, mkono utakuwa unaanguka wenyewe katikati ya kazi.

Rangi ina mtego wa huku kwetu. Ardhi ya mandhari yako itakuwa nyekundu-kahawia, na Fisi wa kahawia juu yake anapotea kabisa. Huckleberry ni mbwa wa buluu na hakuna aliyewahi kulalamika. Mpe Fisi zambarau ya zabibu zilizoiva, uone.

Midomo saba ya Kiswahili

Vielelezo vya midomo unavyoviona mtandaoni vimetengenezwa kwa Kiingereza, ambacho maneno yake mengi huishia kwenye konsonanti. Kwetu karibu kila silabi inaishia kwenye irabu, na irabu ni tano tu. Kwa hiyo kazi ni nyepesi: mdomo uliofumba wa m, b na p, mdomo wa A ulioachama, mmoja wa E na I, mpana wenye meno, wa O, wa U, ambao unatumika kwa W pia, wa F na V, meno ya juu yakigusa mdomo wa chini, na mmoja wa nusu wazi kwa k, s, h, n, t na wenzake pale wanapohitaji kuonekana. Mara nyingi hawahitaji. Ruka konsonanti hizo, piga irabu, jicho la mtazamaji litajaza lenyewe.

Zisizorukwa ni m, b, p, f na v. Hata katika "labda", ile b ni lazima ifumbe picha moja. Mdomo wazi kwenye b ndilo kosa linaloonekana kuliko yote, hata kwa asiyejua kwa nini kinamkera.

Usikate mdomo mtupu. Kata kiraka chote cha pua na mashavu, chenye rangi nyepesi kuliko kichwa, na mdomo uwe umechorwa ndani yake. Tazama uso wa Yogi: eneo la mdomo lina rangi yake peke yake. Mshono ukipita penye mpaka wa rangi hauonekani. Kila kiraka kiwe na kona moja kali inayokaa kwenye alama ileile ya kichwa, la sivyo pua itacheza ngoma. Nyuma weka blutaki, ile gundi laini ya kubandika na kubandua, kadiri ya punje ya mtama, haizidi. Shika kwa kibano, vidole vinaacha mafuta.

Kuna njia ya kupunguza kazi nusu: Sungura akae kushoto siku zote akitazama kulia, Fisi kulia akitazama kushoto. Hapo kila mmoja anahitaji seti moja ya midomo. Ukiwabadilisha pande unakata seti nyingine saba, zimegeuzwa.

Daftari la hesabu

Nunua daftari la miraba. Kila mstari ni picha moja, na picha ni 12 kwa sekunde. Studio za zamani zilipiga kila mchoro mara mbili kwenye filamu ya picha 24, kwa hiyo 12 ndiyo sura yenyewe ya katuni zile. Sikiliza sauti kwenye Audacity, soma sekunde ambayo silabi inaanza, zidisha kwa 12. Silabi ya sekunde 3.5 inaangukia picha ya 42.

Chukua Fisi anayesema polepole, "Maji yangu yako wapi?" Silabi ni 8. Mkazo wa Kiswahili unaangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na hiyo ndiyo ya kuongezewa picha. Inatoka hivi: fumba 1, A 2, I 2, A 2, U 1, A 2, O 2, U 1 kwa ajili ya w, A 3, fumba 1, I 3. Jumla picha 20, sekunde moja na theluthi mbili. Angalia "wapi": I yake nayo imepewa 3 ingawa haina mkazo, kwa sababu ndiyo Fisi anayoivuta. Daftari linafuata sauti iliyorekodiwa, halifuati kamusi. M inayosimama kama silabi, kama ya "mti" au "mtu", ipe picha 2 za kufumba.

Mdomo utangulie sauti kwa picha moja. Ukichelewa kwa moja utasamehewa, ukichelewa kwa mbili mtazamaji anahisi anaangalia filamu iliyotafsiriwa vibaya.

Mandhari

Karatasi moja ya A3 inatosha kwa kila pahali palipotulia: mbuyu mmoja mkubwa, vilima vya mawe kwa mbali, tembe, safu mbili za mizabibu. Paka rangi hafifu kuliko za wahusika. Mbuyu uweke pembeni, katikati ni pa watu kusimama.

Kwa matembezi, unganisha A3 tatu ubavu kwa ubavu upate sentimita 126. Upande wa kushoto kabisa na wa kulia kabisa uchorwe sawasawa, upana wa A3 nzima, ili ukifika mwisho urudi mwanzo bila mruko. Ndiyo maana katika katuni za zamani mti uleule unapita nyuma ya anayekimbia mara sita. Watu wanacheka, ila hakuna aliyezima televisheni kwa sababu hiyo.

Meza, taa, simu

Weka stuli mbili juu ya meza, ubao juu yake, simu ikiwa imelala na kamera ikichungulia nje ya ukingo wa ubao, tofali juu ya ubao kwa nyuma. Kutoka kamera hadi karatasi iwe kama sentimita 40, rekebisha mpaka A3 ijae kioo. Bandika mandhari kwa selotepu kona zote nne. Meza isiguswe na mtu, na wewe mwenyewe usiiegemee.

Weka simu hali ya ndege. Funga fokasi, mwanga na rangi. Vikiachwa huru, kamera itajirekebisha kila ukipitisha mkono na picha zitapepesa. Programu kama Stop Motion Studio inakuonyesha picha iliyotangulia kama ukungu juu ya unayoipiga, na hicho ndicho kipimo chako. Piga kwa kitufe cha sauti cha hedifoni za waya kama simu yako inakubali, kwa sababu kugusa kioo kunaisogeza.

Jua la Dodoma linashawishi na halifai. Dakika ishirini tu kivuli kimehama, wingu likipita picha tano zinakuwa nyeusi. Funika dirisha kwa blanketi, tumia balbu mbili za LED zinazofanana, wati 9 kila moja, kushoto na kulia kwa mshazari, sentimita 50 hadi 60 kutoka karatasini. Ukiona mistari myeusi inayopita kwenye picha, balbu zinawaka na kuzima kwa kufuata umeme wa hezi 50. Weka kasi ya kamera 1/50, au badilisha balbu. Mwanga ukipanda na kushuka kwa sababu umeme wenyewe unayumba, hamia kwenye taa za USB na pawabenki. Taa zake ni dhaifu lakini zinatulia, na umeme ukikatika unaendelea na kazi.

Adui mwingine ni vumbi. Linatua kwenye mandhari wakati unapiga na kwenye filamu linaonekana kama sisimizi wanaorukaruka. Tumia brashi laini ya rangi kila baada ya picha kumi. Usisugue kwa kitambaa kikavu wakati wa kiangazi, hasa ukiwa umelaza kioo juu ya karatasi: msuguano unakifanya kivute vumbi zaidi. Kitambaa kiwe na unyevu kidogo. Feni zima. Sungura wa manila anapeperuka.

Kupiga, na kurudia

Hapa ndipo akili ya wazee wale inakulipa. Mazungumzo ya sekunde 30 ni picha 360, lakini hupigi 360. Mweke Fisi katika mkao wa kwanza, piga midomo yote 7, piga na macho yamefumba. Inamisha kichwa kidogo, rudia. Kiinue, rudia. Una picha 24. Ongeza tatu za Sungura anayesikiliza akipepesa, jumla 27. Kinachobaki ni kunakili na kubandika ndani ya programu ukifuata daftari, mstari kwa mstari. Ndiyo maana mwanga uliofungwa ni sheria: picha ya kwanza na ya ishirini na saba zitakaa ubavu kwa ubavu mara mia.

Kupepesa ni picha 2, kila baada ya sekunde 3 hadi 5, na kila mara kichwa kinapobadilisha mkao, kwa sababu kope zinaficha mruko. Badilisha mkao kwenye neno zito, usibadilishe katikati ya neno. Anayesikiliza asigande kabisa, ila pia asiruke. Akipepesa mara mbili katika sekunde kumi anatosha.

Matembezi ya Sungura ni picha 8 kwa hatua mbili, Kobe 16. Chora miguu peke yake, mwili upande na kushuka kwa milimita 3. Mhusika abaki katikati, unayoivuta ni mandhari. Kama hatua mbili zake zina urefu wa sentimita 8, mandhari isogee sentimita 1 kila picha, bila kupunguza wala kuongeza. Ukivuta 1.5 miguu itateleza kama mtu kwenye matope. Bandika rula pembeni, usikisie. Karatasi yako ya sentimita 126 inakupa mwendo wa sentimita 84, yaani sekunde 7, kisha unarudi mwanzo.

Na anguko kubwa usilichore. Fisi atoke mbio nje ya picha, acha mandhari tupu kwa picha 6, kishindo kisikike, ukisogeza mandhari milimita 4 juu na chini mara tatu, kisha kofia au jani lianguke polepole. Nusu ya vichekesho vya katuni zile vilitokea mahali kamera haipo.

Kuunganisha

Sauti za vitendo zifanye mwenyewe. Mbio za miguu kwa papara, zile za kupiga hatua hewani kabla ya kuondoka, Hanna-Barbera walizitengeneza kwa ngoma ndogo za vidole. Nawe piga vidole kwenye ndoo tupu ya plastiki. Kwa muziki, marimba ya Kigogo inatosha: noti tatu za kupanda Sungura anapopata wazo, mbili za kushuka Fisi anapogundua kaibiwa. Usimjaze mtu muziki chini ya maneno, kwa spika za simu hatasikia kitu. Kicheko cha kurekodiwa, kile kilichowekwa hata kwenye Scooby-Doo, achana nacho.

Toa filamu kwa picha 24 kwa sekunde, kila picha yako ikihesabiwa mara mbili. Itazame mara moja bila sauti, mara moja kwenye simu ya mtu mwingine. Midomo ikianza vizuri na kuchelewa kadiri filamu inavyoendelea, kasi ya kutoa hailingani na kasi uliyopigia. Usihangaike na daftari, rekebisha hapo kwenye programu. Ukiituma kwa WhatsApp, itume kama hati (Document), si kama video, vinginevyo inabanwa na ile mistari myeusi mizuri inageuka ukungu.

Vipande vyote vitie kwenye bahasha, kila mhusika na yake, midomo peke yake, na nambari nyuma. Bahasha ziingie kwenye kopo la bati lenye mfuniko, lisikae sakafuni. Kipindi cha pili kinatumia vipande vilevile, na mchwa wa Dodoma anapenda manila kuliko anavyopenda mbao.